Pikipiki mpya, kiwanda hoi: ninunue au niache?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Kuna pikipiki nimeipenda tangu ilipotoka. Imetengenezwa na kampuni ndogo ya watu wachache wanaoijua kazi yao, na ukiikaribia unaona mkono wa fundi: fremu imechomelewa kwa ustadi, tangi ni la alumini, hakuna plastiki isiyo na kazi. Wakati ule bei yake ilinishinda, nikaiacha. Sasa wakala mmoja amebaki nayo dukani. Haijawahi kusajiliwa, kilomita zake ni za kusogezwasogezwa tu, na imekaa hapo zaidi ya miaka miwili. Anaitoa kwa theluthi mbili ya bei ya mwanzo.

Tatizo ni kwamba kampuni yenyewe ina hali mbaya. Wakala hakunificha: mishahara inachelewa, uzalishaji umesimama, wanatafuta mwekezaji. Anasema mwekezaji akipatikana mambo yatanyooka, na asipopatikana pikipiki itakuwa adimu na thamani yake itapanda, kwa hiyo kwa vyovyote sipotezi. Injini si ya kwao, wameinunua kwa kampuni kubwa inayotengeneza injini, na hilo linanipa moyo. Lakini fremu, tangi, taa, dashibodi na mfumo wa umeme ni vyao wenyewe.

Ili nipate hela itabidi niuze ninayoendesha sasa. Ni ya kawaida, ya miaka mingi, haijawahi kuniangusha, na ndiyo inayonipeleka kazini kila siku. Mke wangu hapingi. Anachouliza ni kimoja: ikigoma Jumatatu asubuhi utakwenda na nini? Sina jibu.

Tena moyoni nahisi nikiinunua nitakuwa nimewasaidia watu wanaostahili kusaidiwa. Wakala amenipa mpaka mwisho wa mwezi, ila anataka nitangulize kidogo ili aniwekee.

Ninunue, Shangazi?

Mpenda Pikipiki

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata. Kwa mpango ulionao, yaani kuuza pikipiki inayokupeleka kazini ili upate hii, usinunue. Mkeo ameuliza swali lililobeba mambo yote, na kama huna jibu lake leo, hutakuwa nalo siku pikipiki itakapogoma. Lakini kama utaweza kuipata bila kuiuza ya zamani, hata kwa kusubiri na kukubali kwamba huenda mwingine akaiwahi, basi kuna mazungumzo, na ningependa tuyafanye vizuri. Kupenda chombo kilichotengenezwa na watu wachache kwa uangalifu si ujinga. Mimi mwenyewe nazipenda pikipiki za namna hiyo, na ndiyo maana sitaki ya kwako iishie kufunikwa turubai kwa kukosa waya mmoja.

Tuanze na kampuni. Watu wengi wanaoniandikia hutaka kujua kama kiwanda fulani kitaanguka au kitasimama. Mimi na wewe hatuna namna ya kulijua hilo, na wakala hana pia. Unachoweza kukichunguza ni kingine: kikianguka, nani atabaki na vipuri, michoro na programu ya kuichunguza injini?

Buell, kampuni ya pikipiki ya Marekani, ilifungwa na mmiliki wake Harley-Davidson Oktoba 2009. Zilizosalia madukani ziliuzwa kwa punguzo kubwa, na wengi walionunua hawakujuta, kwa sababu nyuma ya Buell alikuwepo mzazi tajiri aliyeahidi kuendelea kutoa vipuri na huduma kupitia mawakala wake. Januari 2017 kampuni ya Polaris ilipotangaza kuifunga Victory, chapa yake ya pikipiki, ilisema vipuri vitaendelea kupatikana kwa miaka 10. Ahadi ya namna hiyo ina uzito kwa sababu aliyeitoa bado yupo, ana jina la kulinda na ana mawakala wanaomdai majibu.

Sasa linganisha na kilichofuata. Erik Buell, mwanzilishi wa Buell, alianzisha kampuni nyingine yenye jina lake, Erik Buell Racing, na Hero, kampuni ya pikipiki ya India, ikachukua karibu nusu ya hisa. Aprili 2015 kazi ilisimama na mali zikaingia mikononi mwa msimamizi wa mahakama. Zilikuwa pikipiki nzuri sana zile, zenye kasi na ubunifu, lakini hapakuwa na mzazi wa kubeba stoo ya vipuri. Mwenye nayo alibaki akitegemea yeyote atakayenunua masanduku yaliyobaki kiwandani.

Kwa maelezo yako, kampuni unayoisema iko upande huu wa pili. Inasimama peke yake. Kwa hiyo ukiinunua pikipiki, hesabu kwamba kampuni tayari imeshafungwa. Ikipona, hiyo ni ziada.

Umesema injini ya kununua inakupa moyo, na uko sahihi kwa sehemu kubwa. Rotax, kampuni ya injini ya Austria, kwa mfano, imetengeneza injini zilizoingia kwenye BMW F 650 ya miaka ya 1990, Aprilia RSV Mille na Buell 1125R. Ukiwa na injini ya familia kama hiyo, pistoni, vali, gasketi na diski za klachi zina nafasi ya kupatikana hata kama jina lililoandikwa kwenye tangi limekufa. Ila uliza kwa makini, maana kampuni ndogo mara nyingi huagiza injini ile ile ikiwa na mabadiliko yake: kifuniko tofauti cha klachi, mfumo tofauti wa kuingiza hewa na mafuta, ramani ya mafuta (maelekezo ya kiasi cha petroli) iliyoandikwa upya kwenye kompyuta ya injini. Namba ya injini ichukue, mpigie muuza vipuri wa mtengenezaji wa injini, umuulize kama anaitambua na vipuri vyake vinafanana na vya modeli zipi.

Tena injini si kitu kinachoilaza pikipiki ya aina hii. Kinachoilaza ni vile vidogo usivyovifikiria ukiwa umeikalia dukani. Swichi ya ufunguo. Dashibodi iliyoingia maji. Mkungu wa nyaya uliokatika mahali unapojikunja karibu na usukani. Kihisi cha stendi ya pembeni, ambacho kikifa injini inakataa kuwaka. Pikipiki ya kiwanda kikubwa ikikosa dashibodi, utaipata hata kwenye pikipiki iliyochinjwa gereji. Hii hakuna iliyochinjwa, kwa sababu zilizotoka ni chache na kila mwenye nayo ameishikilia.

Vingine vina unafuu. Beringi zina namba zake za kimataifa. Ukikuta 6204 kwenye gurudumu, ile ni ya kipenyo cha ndani milimita 20, cha nje 47, unene 14, na duka lolote la beringi wanaijua bila kuuliza ni ya chombo gani. Sili hupimwa kwa vipimo vyake. Cheni za saizi ya 520 au 525 ziko kila mahali. Breki kama zimetoka kwa Brembo au Nissin, pedi zake utazipata. Kwa hiyo chukua daftari, mwombe wakala akuruhusu ukae na hiyo pikipiki saa nzima, uandike kila kitu chenye jina la kampuni nyingine: breki, shokapu, rimu, kompyuta ya injini, pampu ya mafuta. Kisha andika visivyo na jina. Orodha hiyo ya pili ndiyo hatari yako halisi, na huenda ikawa fupi kuliko ninavyohofia.

Baada ya hapo fanya jaribio hili kabla ya kutoa hata senti. Agiza kwa njia ya kawaida, kama mteja yeyote, vitu vinavyovunjika pikipiki ikianguka ikiwa imesimama: mkono wa klachi, indiketa moja, kanyagio la gia. Usiulize tu kama vipo, maana utajibiwa vipo. Agiza. Vikifika kwa muda unaoeleweka, umejua kwamba kuna mtu bado yuko stoo na anafunga vifurushi. Usipoletewa, au ukianza kusikia wiki ijayo, wiki ijayo, umeshajibiwa.

Ukiamua kununua, mwambie wakala akuuzie pamoja na pikipiki vipuri vyovyote alivyo navyo rafuni. Kwake vitakuwa mzigo, kwako ni miaka ya kuendesha. Ningetaka dashibodi ya akiba, seti ya mikono ya usukani, ufunguo wa pili na msimbo wake, na kitabu cha fundi chenye mchoro wa umeme. Mchoro huo usiukose. Fundi hodari wa umeme akiwa nao anaweza kutengeneza karibu nyaya zote. Asipokuwa nao atakuwa anapapasa.

Sasa hayo maneno kwamba kwa vyovyote hupotezi. Siyakubali, na sisemi wakala ni mwongo, huenda anayaamini kwa dhati. Uadimu peke yake haupandishi bei. Bei hupanda watu wengi wanapokitafuta kitu kilicho kichache, na pikipiki isiyo na vipuri hutafutwa na wachache sana. Zipo zilizopanda, lakini mara nyingi ni zile zilizohifadhiwa bila kuendeshwa, na wewe unataka kuendesha. Halafu punguzo la kwanza si lazima liwe la mwisho. Kampuni ikitangaza kufungwa mwezi ujao, pikipiki hiyo hiyo itapoteza thamani tena siku hiyo hiyo, na wewe utakuwa umelipa theluthi mbili. Mimi nisingefika hapo. Kwa chombo kilichokaa miaka miwili, kisicho na dhamana ya kutegemewa, ningeanzia nusu ya bei ya mwanzo na nisingeona haya.

Kuhusu dhamana yenyewe, usiihesabu. Dhamana ya kiwanda ni ahadi ya kiwanda, na kiwanda kikifilisika unakuwa mmoja wa wadai, nyuma ya benki na wengine wenye haki ya kulipwa kwanza. Kilicho muhimu ni ahadi ya wakala. Katika nchi nyingi sheria humbana aliyekuuzia, si aliyetengeneza tu, kama bidhaa ina kasoro. Mwombe aandike kwa maandishi kwamba yeye, kwa jina la duka lake, atagharamia matengenezo kwa mwaka mmoja. Akikataa, basi naye haiamini kampuni hiyo, na bei inapaswa kulionyesha hilo.

Hapa kwenye hela ya kutanguliza nataka unisikilize vizuri zaidi kuliko popote. Usitangulize. Norton, kampuni ya pikipiki ya Uingereza, ilipoingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Januari 2020, kulikuwa na wateja waliokuwa wamelipia pikipiki ambazo hazijatengenezwa. TVS, kampuni ya pikipiki ya India, iliponunua jina na mali Aprili mwaka huo, ilinunua mali, haikununua madeni. Wewe una nafuu kwa kuwa pikipiki ipo na unaigusa, lakini kuiona si sawa na kuimiliki. Pikipiki nyingi zinazokaa madukani zimewekwa pale kwa mkopo: benki au kampuni ya mikopo imemlipa mtengenezaji, na inashikilia hati mpaka wakala atakapolipa. Wakala akiyumba, au kiwanda kikiwa bado kinadai, mkopeshaji anaweza kuja kuichukua ikiwa na jina lako kwenye kikaratasi cha malipo ya awali tu.

Kwa hiyo sharti liwe hili: hela yote na hati zote zibadilishane mikono siku moja, mezani. Hati ya mtengenezaji inayothibitisha namba ya chasisi, risiti yenye namba hiyo hiyo, na barua kwamba hakuna anayeidai. Isome namba ya chasisi kwa macho yako, kwenye shingo ya fremu, ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Hati ikiwa “inakuja”, hela nayo ibaki kwako mpaka ije. Na kabla ya yote nenda ofisi ya usajili uulize kama modeli hiyo bado inaruhusiwa kusajiliwa kama mpya. Viwango vya moshi hubadilika. Ulaya, kwa mfano, kiwango cha Euro 5+ kimehusu pikipiki mpya zote tangu 1 Januari 2025, na zilizobaki stoo chini ya kiwango cha zamani zilihitaji ruhusa maalumu au zisajiliwe kabla. Pikipiki isiyoweza kupata namba ni mapambo. Piga pia simu kwa kampuni ya bima: uliza kama wataikatia bima, na watafanyaje ikianguka kidogo na tangi likabonyea ilhali hakuna tangi lingine.

Norton ile ile ina funzo jingine. Wamiliki wapya walizichunguza pikipiki za modeli ya V4 SS zilizojengwa chini ya uongozi wa zamani, wakakuta kasoro 35, na wenye nazo wakaambiwa wasiziendeshe. Kampuni inapokosa hela, fundi huambiwa afunge kazi kwa kilichopo. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko cha fremu, uilinganishe na wakati matatizo yalipoanza. Iliyojengwa kampuni ikiwa na afya naiamini zaidi kuliko ya miezi ya mwisho. Tafuta pia wenye modeli hiyo uwaulize kimewaharibikia nini.

Kukaa nako kuna gharama. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne: 0922 maana yake wiki ya 9 ya mwaka 2022. Mpira huzeeka hata bila kutembea, na tairi iliyobeba uzito mahali pamoja kwa muda mrefu hukaa na bapa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu na yanapaswa kubadilishwa kila miaka miwili, kwa hiyo haya yamwagwe bila mjadala. Betri ipimwe ikiwa imetulia: ikisoma volti 12.6 au zaidi ni nzima kwa kuanzia, ikiwa chini ya 12 idai mpya. Fungua tangi unuse. Petroli iliyochacha ina harufu kali ya vanishi, na ikishaganda huziba sindano za kupulizia mafuta. Mulika ndani kwa tochi. Alumini haili kutu nyekundu, lakini maji yakikaa chini huacha unga mweupe na vishimo. Kisha iwashwe ikiwa baridi kabisa mbele yako. Ukifika ukakuta injini ina moto, rudi siku nyingine.

Na kuwasaidia watu wa kiwanda. Naiheshimu hisia hiyo, lakini hela yako karibu yote itakwenda kwa wakala, au kwa benki iliyomkopesha. Kiwanda kwa kawaida kilishalipwa siku pikipiki ilipotoka getini, kwa hiyo aliyechomelea ile fremu hataiona. Ukitaka kumfikia yeye, nunua vipuri moja kwa moja kutoka kwao wakati bado wapo. Utawasaidia, na utajisaidia kama siku moja utakuwa na pikipiki yao.

Mwezi ukiisha kabla hujapata majibu, uache uishe. Pikipiki iliyokosa mnunuzi kwa miaka miwili haiwezi ghafla kugombewa wiki hii. Kwa sasa nenda dukani na daftari, andika namba ya injini na ile orodha yangu ya pili, uagize mkono wa klachi. Majibu yakirudi niandikie tena kabla hujalipa, uniambie na mkeo amesemaje.